Kuiamsha kompyuta ya Mji Mkongwe kwa Wi-Fi: shajara ya mradi

Jumamosi, 8 Februari

Leo nimeamua: mama hapandi tena ngazi kwa sababu ya kompyuta yangu.

Naandika tangu mwanzo nisije nikasahau nilikopita. Kompyuta yenyewe ni laptopu inayotumia Linux. Iko Unguja, Mji Mkongwe, chumba cha juu kabisa nyumbani kwetu. Mimi nafanya kazi Dar. Ndani yake mna kanda 214 za marehemu baba. Redio kaseti ilikuwa haimtoki mkononi. Alirekodi harusi, maulidi, wazee wakizungumza barazani, bibi akisimulia hadithi huku anachagua mchele. Mwaka jana tulizihamisha zote. Saa moja ya kaseti kwa sauti isiyobanwa ni takriban megabaiti 635, na mimi naishi kwa bando, kwa hiyo sizivuti kuja Dar. Naingia kwenye kompyuta usiku kwa mbali, nasafisha mvumo, nakata vipande, naandika nani anasema na alikuwa wapi. Faili hazitoki Unguja.

Shida ni kwamba ikilala hainisikii. Kuiacha macho usiku na mchana sitaki: chumba kile kina joto, feni itavuma mfululizo, na hewa ya bahari inavyozidi kupita ndani ya mashine ndivyo inavyozidi kuacha chumvi. Basi kila nikitaka kufanya kazi napiga simu.

"Shikamoo mama. Samahani, nakuomba uniamshie kompyuta."

"Marahaba mwanangu. Ngoja nipande."

Simu haikatwi. Nasikia pumzi zake, ngazi baada ya ngazi. Aliyewahi kuingia nyumba zile anazijua ngazi zake, zimesimama wima na kila moja ina kimo chake. Magoti ya mama hayako sawa tangu mwaka juzi. Jana usiku alifika katikati akanyamaza, na kimya kile kilidumu hadi nikamwita mara tatu. Alikuwa anapumzika tu. Lakini nimeshaogopa.

Waya hauwezekani. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, unene wake karibu nusu mita, na Mji Mkongwe umo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2000, kwa hiyo mtu hatoboi ukuta wa nyumba yake atakavyo. Kuupitisha waya ngazini ni kumtegea mama mtego. Imebaki Wi-Fi.

Jumapili, 9 Februari

Siku nzima ya kusoma. Kuamsha kompyuta kupitia mtandao ni jambo la zamani. Mwaka 1995 kampuni ya AMD, ikishirikiana na Hewlett-Packard, ilitoa wazo la pakiti maalumu ambayo hadi leo inaitwa Magic Packet. Ndani yake hamna ujanja wowote: baiti 6 za FF, halafu anwani ya MAC ya kompyuta inayotafutwa, yaani namba ya utambulisho ya kadi yake ya mtandao, ikirudiwa mara 16. Anwani ina baiti 6, mara 16 ni 96, ongeza zile 6 za mwanzo unapata 102. Chipu ya kadi ya mtandao haihitaji kuelewa lugha yoyote ya intaneti. Inakodoa macho tu: FF sita, kisha jina langu mara 16? Basi naiamsha mashine.

Kwa waya kazi inaishia hapo. Kadi ya waya hupewa umeme kidogo hata kompyuta ikiwa imezimwa, na inausikiliza waya.

Kwa Wi-Fi mambo ni mengine, na ndiyo sababu watu wengi hukata tamaa mapema. Hewani hakuna waya wa kusikiliza. Ili kadi isikie lolote lazima ibaki mwanachama wa mtandao: iwe imeingia kwa nywila, ina funguo za kufungulia maneno yaliyofumbwa, na inaamka kidogo kidogo kusikiliza mwito ambao ruta huutoa takriban mara 10 kwa sekunde. Kompyuta ikizimwa kabisa, kadi ya kawaida inapoteza funguo zote na uanachama unakwisha. Kwa hiyo kwa Wi-Fi huamshi kompyuta iliyozimwa. Unaamsha iliyolala, ambayo kadi yake haikulala. Kuna mmoja lazima akeshe.

Jumamosi, 15 Februari (Unguja)

Nimekuja na boti ya asubuhi. Begani nina bisibisi na kadi ya Wi-Fi ya mtumba niliyoipata Kariakoo kwa shilingi 25,000, endapo iliyomo itakuwa haifai.

Iliyomo haifai. Kuujua ukweli huo ni amri moja: `iw phy`. Inatoa maelezo marefu, na katikati, kama kadi inaweza kuamsha kompyuta, kuna sehemu yenye kichwa `WoWLAN support`. Hapa hakuna. Hakuna ujanja wa programu utakaoiongeza, kwa sababu kazi hii hufanywa na chipu yenyewe wakati prosesa imelala. Anayetaka kuanza mradi kama huu aanze na amri hii kabla hajagusa kingine chochote. Itamwokolea wiki.

Tumeifungua laptopu mezani, mtoto wa dada yangu akinishikia tochi ya simu. Waya mbili za antena zina vichwa vidogo kuliko punje ya mtama, na vinakaa kwa kubonyezwa sawasawa, si kwa nguvu. Mjomba mtu mkono ulitetemeka. Yeye akasema, "Mjomba, nipe mimi," akavibandika vyote viwili kwa pumzi moja.

Kadi mpya: sehemu ya `WoWLAN support` ipo. Inaorodhesha kuamka kwa Magic Packet, kuamka ikikatika mtandaoni, kuamka kwa pakiti yenye muundo utakaouchagua. Nimefurahi nikaacha kusoma hapo.

`iw phy phy0 wowlan enable magic-packet`, kisha nikailaza. Nikatuma pakiti kutoka kwenye simu yangu. Kimya. Mara tano, kimya.

Hili limenichukua hadi magharibi. Kadi iliisikia pakiti, lakini mlango ambao kadi hupitia kuifikia bodi kuu ulikuwa hauruhusiwi kuamsha kitu. Orodha ya walioruhusiwa iko kwenye faili `/proc/acpi/wakeup`. Mstari wa tundu la kadi, kwenye mashine yangu ni `RP05`, ulikuwa umeandikwa `disabled`. Kuliandika jina lile ndani ya faili lile lile kunaugeuza kuwa `enabled`. Nikailaza tena. Taa ya pembeni ikaanza kufifia na kuwaka polepole, kama kawaida yake ikilala. Nikabonyeza simu. Taa ikaganda, feni ikapuliza mara moja, skrini ikawaka, na mwanga wake ukashuka ngazini hadi ukumbini.

Mama akauliza kutoka chini, "Nani kaiwasha?"

"Simu, mama."

Jumapili, 16 Februari

Nimeiwasha upya kompyuta na kila kitu kimepotea. Mipangilio ya `iw` haidumu. Nimeihamishia kwa NetworkManager, programu ya Linux inayosimamia mitandao, ambayo tangu toleo la 1.12 inaikumbuka kwa kila mtandao: `nmcli connection modify` jina la mtandao, `802-11-wireless.wake-on-wlan magic`. Ule mlango wa bodi nao nimeutengenezea huduma ndogo inayoufungua kila mashine inapowaka. Pia nimezuia kompyuta isijibadilishe anwani ya MAC. Kubadilisha anwani kunamlinda mtu kwenye Wi-Fi za hotelini, lakini hapa, ikiamka na jina jipya, mimi nitakuwa naliita la zamani.

Jambo la pili ni nani wa kuiita. Pakiti ile ni tangazo la mtaani, haivuki kwenda mtandao mwingine. Tena ruta ya nyumbani ni ya laini ya simu, na mtandao wa simu unawaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya nje, kwa hiyo kutoka Dar hakuna namba ya kuigongea nyumba yetu. Dawa ni kuwa na mlinzi ndani. Nimeweka Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya kiganjani, nyuma ya televisheni, imeunganishwa na ruta kwa waya wa nusu mita. Haina skrini wala feni. Kazi yake ni kupiga simu nje kwa WireGuard, njia ya siri ndani ya intaneti (VPN), hadi kwenye seva ndogo ninayoikodi, na kuushikilia mlango huo wazi kwa kusalimia kila sekunde 25. Mimi napitia seva, nafika kwa mlinzi, mlinzi anatangaza: `wakeonlan -i 192.168.1.255` na anwani ya kompyuta.

Kuna maelekezo mengi ya kufungua mlango namba 9 wa ruta kwa dunia nzima ili pakiti iingie moja kwa moja. Hata ingewezekana nisingefanya. Pakiti ile haina uthibitisho wa anayeituma.

Nimeitazama pakiti ikipita, kwa `tcpdump` upande wa mlinzi. `ffff ffff ffff`, halafu anwani ileile, ileile, ileile, hadi mwisho wa skrini. Ni kama mtu anayesimama nje ya nyumba anamwita mwenzake kwa jina tu, hasemi shida yake.

Boti ya jioni.

Jumanne, 18 Februari (Dar)

Saa 3 usiku nimeilaza. Saa 3 na dakika 20 nimeiita. Imeamka ndani ya sekunde 4. Niko Dar, kompyuta iko ng'ambo ya bahari, na mama kalala. Nimesafisha kanda ya 38 hadi saa 6, nikailaza, nikalala mimi mwenyewe na raha.

Jumatano, 19 Februari

Saa 12 asubuhi nimeiita. Haikuitika. Nimeita mara ishirini. Mlinzi anatangaza vizuri, pakiti naiona inatoka. Kompyuta kimya.

Nimempigia mama. Akapanda.

Jumamosi, 22 Februari

Siku nne za kushindwa, na kila siku mama amepanda mara moja. Namwandikia kila mmoja anayepita njia hii, kwa sababu hapa ndipo mradi wote ulipo.

Nilidhani ni ruta kusahau anwani ya IP ya kompyuta. Nikaipa anwani ya kudumu. Bado. Nikadhani ni ukuta: ishara chumba cha juu ni dBm −71, dhaifu lakini inatumika. Mtoto wa dada akaiteremsha laptopu ukumbini, akaiweka hatua mbili kutoka kwenye ruta. Bado. Nikadhani tangazo kwa wote ndilo linalopotea, nikamwambia mlinzi aipelekee kompyuta pakiti yake peke yake. Bado. Nikachunguza kama ruta inawatenga wateja wa Wi-Fi wasionane na wa waya, kama inavyofanya kwenye mtandao wa wageni. Haiwatengi.

Basi nikaandika programu fupi kwa mlinzi: ilaze kompyuta, subiri dakika kadhaa, iite, andika matokeo. Ikishindwa, kompyuta ijiamshe yenyewe kwa saa yake ya ndani, `rtcwake`, ili mama asiguswe. Nimeiacha ifanye kazi usiku kucha na mchana wa leo.

Matokeo yalinivuruga. Dakika 55 zimefaulu. Dakika 40 zimeshindwa. Dakika 30 zimefaulu mara mbili, ya tatu zimeshindwa. Dakika 10 zimefaulu mara sita na kushindwa mara moja. Dakika 75 hazijafaulu hata mara moja. Ingekuwa kadi inachoka baada ya muda fulani, dakika 10 zisingeshindwa ilhali 55 zinafaulu.

Jumatatu, 24 Februari

Nimeipata.

Nilikuwa naangalia urefu wa usingizi. Leo kwenye daladala nimeitoa karatasi na kuandika upya jedwali lile, safari hii kwa saa ya kulala na saa ya kuitwa. Zile dakika 10 zilizoshindwa: imelala saa 8 na dakika 31 usiku, imeitwa saa 8 na 41. Zile 40: imelala saa 10 kasoro dakika 40, imeitwa saa 10 kamili. Zile 55 zilizofaulu: imelala saa 5 na dakika 40, imeitwa saa 6 na 35. Nimepiga mstari mmoja kwenye dakika ya 37 ya kila saa. Kila usingizi ulioivuka dakika ya 37 umeshindwa. Kila usioivuka umefaulu. Hakuna hata mmoja ulionisaliti.

Nimeingia kwenye ruta kupitia kwa mlinzi nikafungua kumbukumbu zake. Imo. Kila saa, dakika ya 37, kama kompyuta imelala, ruta inaandika kwamba imeitoa mtandaoni, sababu namba 16. Katika kanuni za Wi-Fi namba hiyo maana yake ni kwamba muda wa kupeana ufunguo wa kundi umepita bila jibu.

Maelezo yake ni haya. Kwenye Wi-Fi yenye nywila kila kifaa kina funguo mbili. Mmoja ni wa siri kati yake na ruta. Wa pili ni wa kundi, wanaugawana wote, na ndio unaofumba matangazo kwa wote, pamoja na pakiti yetu. Ufunguo wa kundi hubadilishwa kila baada ya muda. Kwenye ruta yetu ni sekunde 3600, saa moja. Ikifika zamu, ruta inampelekea kila mmoja ufunguo mpya na kusubiri aitikie. Kompyuta iliyo macho inaitikia na mwenyewe hujui. Iliyolala, prosesa yake ndiyo yenye elimu ya kuitikia, na prosesa iko usingizini. Kadi inasikia inagongewa lakini haijui cha kujibu. Ruta inarudia mara kadhaa, haipati jibu, inaitoa. Kuanzia hapo kompyuta si mwanachama tena, na hata ukiiita kwa jina lake mara elfu, hakuna wa kuifikishia. Ndiyo maana hata pakiti ya peke yake haikusaidia.

Dakika ya 37 ni kwa sababu ruta iliwashwa mara ya mwisho kwenye dakika hiyo.

Nimerudi kwenye `iw phy`, kwenye orodha niliyoiacha njiani tarehe 15 kwa furaha. Kadi zinazojua kujibu zenyewe huwa na mstari `can do GTK rekeying`; GTK ndio huo ufunguo wa kundi. Kadi yangu haina. Mstari ule ulikuwa haupo siku zote, na mimi sikujua kwamba nautafuta.

Jumamosi, 1 Machi

Wiki ya majaribio mawili.

La kwanza lilikuwa kutumia uwezo mwingine wa kadi hii: kuamka ikikatika. Ruta ikiitoa, kadi inaiamsha kompyuta, kompyuta inajiunga upya, inasubiri kidogo, inalala. Kiufundi limefaulu kabisa, na kama mashine ingekuwa ghalani ningeliacha. Lakini maana yake kila saa, dakika ya 37, feni inapuliza na skrini inawaka. Usiku wa pili mama akanipigia mwenyewe.

"Mwanangu, hii mashine yako haipati usingizi?"

Nikaliondoa siku ile ile.

La pili ni kuongeza muda wa ufunguo kwenye ruta kutoka sekunde 3600 hadi 86400, yaani siku nzima. Linafaa, na kwa mwenye kadi kama yangu ndilo ninalompendekezea. Hasara yake ni ndogo nyumbani. Ufunguo wa kundi hubadilishwa zaidi ili aliyeondoka asiendelee kusikia matangazo ya waliobaki, na kwetu wanaoingia na kutoka ni ndugu. Hata hivyo bado mara moja kwa siku itatolewa. Nimelipanga liangukie saa 6 mchana, na kompyuta imewekewa saa ijiamshe dakika tano kabla, iitikie, ilale.

Wakati huo huo nimeagiza kadi nyingine, ya Intel, baada ya kumwomba muuzaji anipigie picha ya matokeo ya `iw phy` kabla sijatoa pesa. Alishangaa, akapiga. Mstari upo.

Jumamosi, 8 Machi

Mwezi umeandama, boti zimejaa, nami sikupata ruhusa kazini. Kadi imesafiri na jamaa. Mtoto wa dada ameibadilisha peke yake, mimi nikimtazama kwa simu ya video baada ya alasiri. Hakunihitaji. Nilimkumbusha tu achomoe betri kwanza, akanijibu, "Nimeshachomoa, mjomba."

Nimeirudisha ruta kwenye sekunde 3600 kwa makusudi, ili kadi ijaribiwe kwa mtihani mgumu. Sasa kabla ya kulala kompyuta inaikabidhi kadi funguo za kuitikia, na ikigongewa kila saa kadi inajibu yenyewe. Imelala saa 12 jioni. Nimeiita saa 9 usiku. Zamu tisa za ufunguo zimepita juu yake.

Sekunde 4.

Nimekaa nikaitazama ile alama ya tamino, dirisha la kuandikia amri, ikiwaka na kuzima, nikamwomba Mungu amrehemu baba.

Jumatano, 12 Machi

Umeme ulikatika jana saa 2 usiku kwa dakika 50. Laptopu ina betri, iliendelea kulala. Ruta na mlinzi havina. Viliporudi, ruta haikumjua mtu, na kompyuta ilikuwa imelala nje ya mtandao bila habari.

Hili sikuliwaza kwa sababu nilikuwa nimezama kwenye funguo. Dawa ni mbili, zote rahisi. Mtoto wa dada amenunua UPS, yaani betri ya akiba, ndogo ya volti 12, aina ile ya kuwekea ruta, inayowashikilia ruta na mlinzi kwa saa kama tatu. Na kompyuta sasa inajiamsha yenyewe saa 12 asubuhi, saa 6 mchana na saa 12 jioni, inahakikisha inaiona ruta, inasubiri dakika 2 nisipoingia inalala. Saa hizo haimsumbui mtu. Kadi hii pia inaweza kuwekwa itafute jina la mtandao hewani na kuamsha mashine ikiliona, lakini sijaona haja ya kuongeza kingine cha kuharibika.

Nimepima umeme kwenye soketi: macho bila kazi ni wati 11, imelala huku kadi ikikesha ni wati 1.4, imelala na kadi imezimwa ni 0.8. Hizo nukta sita ndizo bei ya kuitika.

Jumapili, 23 Machi

Siku 15 na kadi mpya. Nimeiita mara 41, imeitika mara 41, ikiwemo siku mbili ambazo umeme ulikatika tena. Mama hajapanda kwa ajili ya kompyuta tangu tarehe 28 Februari. Anapanda akitaka mwenyewe, kuanika nguo juu ya paa, na hilo ni lake.

Kwa atakayefuata, mpangilio ulivyobaki: kadi yenye mistari yote miwili, kuamka kwa Magic Packet na `can do GTK rekeying`. Mlango wa bodi umefunguliwa. Anwani ya MAC haibadiliki. Mlinzi ni wa waya. Hakuna mlango wa ruta uliofunguliwa kwa nje. Anayetumia Windows ataukuta uwezo huu kwenye mipangilio ya umeme ya kadi, na `powercfg /lastwake` itamwambia nani aliiamsha mashine mara ya mwisho. Wenye Mac wana njia yao tangu 2009, ambapo kifaa kingine cha Apple nyumbani kinakesha na kujibu kwa niaba ya aliyelala. Lakini swali la kwanza kwa wote ni lile lile: ruta ikibadilisha ufunguo usiku, nani ataitika?

Usiku wa kuamkia leo nimeingia saa 9, kabla ya daku. Kanda ya 61. Ni bibi, baba amemwekea redio karibu, na kwa chini unasikia mchele ukipepetwa kwenye ungo. Nimeondoa mvumo wa kaseti taratibu nisije nikaondoa na ule mchakacho. Simu ikalia.

"Nimeona mwanga ngazini. Ushaingia?"

"Nimeingia, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Haya, fanya kazi yako. Mie nipo chini nakoroga uji."

Nikamwambia asubiri, nikaiweka simu karibu na spika, nikamchezea bibi dakika mbili. Hakusema kitu. Nilisikia mwiko umesimama kwenye sufuria.

Kanda ya 61 imekwisha. Zimebaki 153.